Barabara ya Mama Mukwe

Radjabu alikuwa dereva wa jeep ya mfanyabiashara mmoja, kati ya Kasongo na Kabambare. Patron wake huyo alimpa simu yenye ramani, akamwagiza asiizime njiani, ili gari likikwama ijulikane liko wapi. Likakwama kweli, na watu wakafika na kamba kabla ya adhuhuri. Radjabu aliisifu sana simu ile.

Ila kila safari, akikaribia Wamaza, aliiacha barabara, akapita uani kwa mama mkwe wake kula sombe, kisha akatokea tena barabarani nyuma ya shamba la muhogo. Simu iliziona safari zote hizo, ikazipeleka kwenye ramani ya watu wote.

Siku moja alikuta lori la magunia limesimama uani, kuku wamekimbilia juu ya paa la jiko. Dereva wa lori alimwamkia mama kwa heshima, akaeleza kwamba ramani inasema hapa ndipo pa kupitia.

"Mukwe," mama akamwambia Radjabu bila kumtazama, "hii barabara iko ya nani?"

"Ni simu ndiyo iliiona, mama."

"Simu ya nani?"

Radjabu alinawa mikono, ingawa sombe ilikuwa haijaletwa.

Tangu hapo aliizima simu kabla ya Wamaza. Alipokwama tena alichimba matope peke yake mpaka jioni, na patron akamfokea. Malori hayakukoma, kwani ramani ilikwisha kujifunza njia hiyo. Mwishowe mama alilaza magogo mawili kwenye njia ya uani. Malori yakarudi barabarani. Mukwe wake naye siku hizi huacha jeep huko na kwenda kwa mama kwa miguu.