Waridi la Mistari la Mama Vijiti

Kwa miaka mingi, kabla ya kumfungia mteja ua, Mama Vijiti alikuwa akipitisha ukucha wa dole gumba kwenye kikonyo chake. Alianzia chini, akapanda polepole, na kila alipofika kwenye jicho, kile kinundu kinachokaa kwenye kwapa la jani na kutoa tawi jipya, alilichokonoa mpaka likang'oka. Kikonyo kisicho na macho hupendeza kwenye maji siku kadhaa, lakini ukikipanda utasubiri mpaka uchoke. Wateja walidhani anaondoa miiba. Wengine walimshukuru.

Alifanya hivyo kwa ua moja tu. Kila kitu kingine kitaluni kwake kilikuwa halali ya yeyote aliyetaka kukipanda.

Kitalu hicho kiko ubavuni mwa karakana ya seremala. Hakina uzio. Kina makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka na chupa zilizokatwa shingo, na ndani ya kila kimoja kijiti kilichochomekwa kwenye mchanga. Jina alipewa na seremala mwenyewe, ambaye hakuacha kushangaa kwamba jirani yake anauza vitu ambavyo yeye huwashia moto wa chai.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mdogo wake wa kike, ambaye wakati huo hakuweza hata kufunga kamba za viatu. Dada akaacha masomo. Alianza kwa kuuza miche iliyoota yenyewe uani, kisha akajifunza kukata na kuotesha, na kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Mlangoni pa jiko palikuwa na waridi jekundu la marehemu mama yao. Mwaka mmoja, tawi moja tu la mti huo lilitoa ua jeupe lenye mistari myekundu, kama kitambaa kilichofutiwa brashi. Alimwita mdogo wake aje aone. Mtoto alisimama na begi lake mgongoni, akaliangalia.

"Dada, hilo linaumwa. Likate," akasema, akaenda zake shule.

Akalikata kweli, na akalipanda. Vijiti vingi vilirudia wekundu, akavitupa. Vilivyobaki na mistari akavikata tena, akavipanda tena, mpaka uani kwake kukawa na mti mzima wa mistari mitupu. Hapakuwa na mwingine. Mpambaji wa kumbi, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba, alilitaka kwa kila meza ya maharusi. Ua hilo ndilo lililomsomesha mdogo mtu mpaka chuo.

Huko alisomea mimea, na alipohitimu akaajiriwa kwenye maabara inayozalisha miche kwa tishu. Kipande cha mmea kisichozidi ukucha huoshwa kwa dawa, huwekwa kwenye chupa yenye ute mzito wa sukari na virutubisho, na chini ya taa nyeupe hugawanyika na kuchipua, kikagawanywa tena, mpaka mmea mmoja ukawa rafu nzima ya mapacha. Mama Vijiti alipelekwa kutembezwa. Alivalishwa koti jeupe na ndara za plastiki, akazipita chupa zile kama mtu aliyeingia wodi ya wazazi.

"Na hawa nani anawanyonyesha?" aliuliza.

"Mimi, Dada," mdogo wake akajibu, na wote wakacheka.

Jioni ile alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Alikata tawi la waridi la mistari likiwa na macho yake yote, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akampa. "Kapande kwako," alimwambia. "Hata ukihama mara ngapi, uwe na kitu cha nyumbani."

Kila Jumapili mdogo wake alikuwa akija. Aliingia kwa mlango wa jiko, akafunua sufuria kabla ya kusalimia, akala kwa mwiko. Jumapili moja alipitia mlango wa mbele na kuketi sebuleni.

"Dada, nina ombi. Nahitaji matawi ya waridi. Yenye macho."

"Lile lako limekufa?"

"Lipo. Ila ni dogo. Haya ni ya kazini."

"Kazini mna harusi?"

"Dada, usinifanye niseme mara mbili."

"Hujasema hata mara moja."

Basi akasema. Tawi alilopewa alikuwa amelipanda kweli, lakini majani yake aliyapeleka maabara. Mkuu wake alitaka ua jipya la kuuza nje, na alilitaka haraka. Wakakatakata majani, wakayatia kwenye chupa, yakachipua vizuri. Tatizo lilikuja miche ilipochanua: mingine myeupe pe, mingine myekundu kabisa. Wenye mistari haukuwepo hata mmoja. Ua lile lina ngozi ya aina moja na nyama ya aina nyingine, alieleza, na mistari inakuja kwa sababu hizo mbili zinakaa pamoja. Ukiliotesha kutoka vipande vya jani, kila moja inashika njia yake. Alilijua hilo tangu mwanzo na alimwonya mkuu wake. Sasa imebaki njia moja, kuotesha kutoka kwenye macho, na macho yanayotosha yako uani kwa dada yake.

Mama Vijiti alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake halikuhusu chupa.

"Huyo mkuu wako anajua ua ni la nani?"

"Anajua limetoka nyumbani kwetu."

"Limetokaje?"

Mdogo wake alichezea ufunguo wake. "Nilimwambia niliona tawi geni kwenye mti wa mama."

"Uliona."

"Dada, ningesema nini? Pale wanataka mtaalamu aliyegundua. Ningesema ni la muuza miche wa kando ya karakana, wasingelisikiliza hata."

"Ulisema linaumwa."

"Nilikuwa mtoto."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikuosha miguu."

Hakumfukuza. Alimwambia arudi siku nyingine, kwamba matawi hayakatwi jua likiwa kali. Mdogo wake aliondoka akiamini amekubaliwa.

Kesho yake asubuhi Mama Vijiti aliukata mti wote, akabakiza kisiki. Matawi aliyagawa vijiti, kila kijiti na macho yake, akavitia kwenye ndoo ya maji mbele ya kitalu, na kila aliyepita akampa.

"Bure?" aliuliza seremala. "Lina ugonjwa gani?"

"Chukua. Usichomee chai."

Aliwaelekeza watu namna ya kupanda: kijiti kilale kidogo, macho mawili yawe chini ya udongo, juu kifunikwe mfuko wa nailoni mpaka kishike. Mpambaji alifika ndoo ikiwa imebaki nusu, akashika kiuno.

"Umeniua, Mama Vijiti. Hapa umegawa au umemwaga?"

"Vyote."

Alipoelezwa sababu, sauti ilimshuka. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu."

"Huyu hakuwa nguoni. Hizo nguo mimi ndiye niliyemvalisha."

Leo waridi la mistari liko kwenye kuta za mtaa mzima, na wengi hawajui lilianzia wapi. Maabara haikuona faida ya kutangaza kama ugunduzi wake ua linalochumwa na kila mtoto wa shule. Mdogo mtu amerudishwa kwenye miche ya viazi. Mama Vijiti naye amepoteza kitu pekee ambacho watu walikifuata kwake kutoka mbali. Majirani wanaomsifu kwa ukarimu huwakatiza. "Sikutoa kwa wema," husema. "Nilitaka tu asiwepo wa kusema ni lake."

Dada wawili hawajawahi kugombana kwa sauti. Mdogo aliomba radhi, mara ya kwanza akilia, mara ya pili akiwa na mumewe, na mara zote mbili alijibiwa kwamba yamekwisha. Jumapili bado anakuja. Lakini sasa dada yake hutoka mpaka kizingitini kumlaki, humkaribisha, humwonyesha kiti, kisha humletea chakula kwenye sinia, sahani imefunikwa kwa nyingine, na kikombe kwenye kisosi chake. Humuuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Siku moja mdogo alisimama aende jikoni kujichukulia chumvi. Mama Vijiti akamtangulia mlangoni.

"Kaa," alimwambia kwa upole. "Mgeni hajihudumii."