Upanga wa samaki kwenye duara la Masumbwe

Wakuu, sogezeni viti mnisikilize. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi nauza kamba na tochi za wachimbaji hapa Masumbwe. Marehemu baba alikuwa mtu wa Kilwa, akaniachia upanga wa samaki aitwaye papa upanga. Niliutundika dukani. Ukisimamishwa unanifika kifuani.

Kwa ambao hamumjui: ni jamaa wa taa, yule samaki bapa wa baharini, ila huyu ana pua ndefu bapa iliyoota meno kila upande. Pua hiyo ndiyo upanga. Anapenda maji ya kina kifupi na midomo ya mito, huko huko wanakotega nyavu. Meno yakinasa, hachomoki. Hata kama hukumtaka, umeshamuua.

Na anakua taratibu, anazaa wachache.

Sasa kuna mfumu, yaani mganga, aliwaambia wenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwamba upanga huo ukitundikwa mdomoni mwa shimo, utakata mwamba.

Msimamizi wao, Masanja, akaja kwangu.

"Mama Swaumu, msumeno umekaa bure ukutani, sisi tunatwanga jiwe kwa mikono!"

"Baba Kulwa, huo haujawahi kukata hata mkate," nikamjibu.

Alicheka sana. Nikamnyima. Wakaagiza pwani.

Ulipofika aliuleta tulinganishe. Wakuu, ulilala kwenye kiganja changu. Meno yake bado yamefunikwa ngozi laini.

Nikamweleza polepole. Papa huyu hatagi, anazaa. Ngozi ile humkinga mama asichanwe. Mtoto huyu hata kuogelea hakuwahi. Mama yake alipasuliwa.

Masanja ni mfugaji, na kwao ng'ombe mwenye mimba hachinjwi. Aliketi juu ya robota la kamba.

"Ndama," akasema. "Wametuletea ndama."

Wenzake wakautundika hivyo hivyo. Mwamba haukulegea. Nikadhani wataachana na habari hizo.

Wapi! Wakasema ulikuwa mdogo mno, uagizwe mkubwa.

"Mkubwa ndiye mama!" Masanja akawaambia.

"Kwani umeoa samaki?" wakamcheka, na usimamizi wakamvua.

Juzi alipita dukani, akautazama ule wa baba kwa muda mrefu.

"Mama Swaumu, wa ukubwa huu bado wapo?"

Nikamwambia nitauliza. Alipoondoka niliuteremsha nikauweka ndani, maana kila anayeuona anatamani wake.

Nilichojifunza ni kwamba huku hatuna bahari, lakini tamaa yetu inafika baharini. Mganga akikutuma ulete upanga huu, mkatalie kwa upole. Mwamba hauujui.

Walioko pwani, mwenye kumwona akiwa hai aniandikie hapa chini, nikamsomee Masanja.

Na akinasa kwenye wavu wako, usimkate pua. Mwache humo humo majini, kaa mbali na meno yake, kata wavu, aende.