Feni Iliyonipika Nikienda Kuoa

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyevaa joho akapata aibu kama niliyoipata mimi, na mkitaka kucheka anzeni sasa hivi, maana nikifika katikati chai yenu itapoa bure. Watu wa Kabambare mpaka leo wakiniona hunishika shingo kwanza, kama wanaomtazama mgonjwa, ndipo wanaponipa salamu, na nyinyi mmeniuliza sababu yake mara nyingi nikawa nageuza maneno. Leo nitasema yote.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mimi bado kijana, fundi msaidizi katika garaji moja hapa Kasongo lililokuwa likitengeneza malori ya pamba. (Msaidizi, nasema. Kazi yangu hasa ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli na kumshikia fundi taa, lakini mtaani nilitembea na spana mfukoni, nimeiacha ichomoze kidogo ili watu waione.) Nilikuwa nimemposa Zaina, binti wa Mzee Radjabu wa Kabambare. Nilimwona siku ya Maulidi, alipokuja kwa shangazi yake huku kwetu, akamcheka mtu aliyejikwaa kwenye mkeka mbele ya wageni, na mtu huyo alikuwa mimi. Tangu siku ile sikumtaka mwingine.

Mzee Radjabu alikubali kwa shida. Binti yake wa kwanza alimwoza mtu wa mbali, mtu wa maneno matamu na kikohozi, na kabla mwaka haujaisha binti akarudi nyumbani mjane. Basi mzee akaapa mbele ya watu kwamba hatamwoza tena mtoto wake kwa mgonjwa, hata awe mtoto wa sultani. Mjomba wangu Saidi, aliyepeleka posa, ikabidi naye aape kwamba mimi ni mzima kama kigongo.

Gari la kutupeleka lilikuwa la Assani, muuza nguo, rafiki wa mjomba. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa pamba aliyerudi kwao, gari jeusi, zuri, ila lilikuwa na kasoro mbili: kila kilima lilichemka, Assani akawa anasimama kila kijito kuliongezea maji, na chini ya ubao wa mbele palikuwa na sanduku lenye feni ndani, vantilatere kama tulivyoiita, na feni hiyo haikuzunguka. Kuhusu feni Assani aliniambia wazi, "Wacha ile. Toka ninunue hii motokari, haijaniuma." Ningemsikiliza, leo tungekuwa tunazungumza habari za mvua.

Lakini siku moja kabla ya safari nilizitazama nguo zangu za harusi, kanzu nyeupe, kilemba, na joho la mjomba, zito, lenye nyuzi za dhahabu, alilorithi kwa baba yake na ambalo halikuwahi kupata doa, nikawaza lile jua la njiani na ule urefu wa barabara, nikaona kabisa kwamba nitafika nimelowa. Na feni ipo. Na fundi yupo. Kwa nini nisifike mkavu, nanukia udi?

Nilianza vizuri, msinionee. Nikatazama kwanza kile kiwaya chembamba kinachokatika umeme ukizidi, nikakuta kizima. Nikaufuata waya mpaka kwenye swichi, nikaikuta imeungua, nyeusi tii, basi nikaiacha nikachukua waya mwingine na kuunga feni moja kwa moja na batri. Feni ikaguna, haikuzunguka. Nikajua umeme unafika ila kuna kitu kinaikaba, nikafungua sanduku, na humo ndani panya walikuwa wamejenga mji kwa pamba mbichi ya yule Mzungu, wameishindilia mpaka kwenye mapanga ya feni. Nikatoa yote ambayo mkono wangu uliweza kufikia (kumbukeni maneno hayo), nikagusisha waya, na feni ikalia vuuu, upepo wa baridi ukanipiga usoni. Nikamwita mjomba. Akaketi, akafumba macho, akasema, "Huu ni upepo ya Bulaya kabisa."

Ningefunga sanduku hapo nikaenda kuoga. Lakini nikaona mipira miwili ya maji inayotoka kwenye injini na kuingia sandukuni, na mmoja una kifungulio, nacho kimefungwa. Nikafikiri kwa akili yangu yote. Maji ya mtungini yanapoa kivulini, upepo ukipita juu ya maji unakuwa baridi, kumbe Wazungu wamepitisha maji humu ili feni itoe baridi zaidi, na yule bwana wa pamba kwa ujinga wake alikaa miaka yote hajafungua. Nikamhurumia, nikafungua. (Ndiyo, nilifanya kazi garajini. Ndiyo, nilijua maji ya injini yanachemka, yalikwisha kuniunguza mkono. Lakini saa ile injini ilikuwa imelala na maji yake baridi, na mtu anayekwenda kuoa hawezi kufikiri mambo mawili pamoja.) Nani angeniambia kwamba huko kwao mtu husikia baridi ndani ya gari mpaka atake kukoka moto? Nani katika Kasongo nzima angenunua gari lenye jiko?

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, Assani kwenye usukani, mimi kando yake mbele ya feni, nikiwa nimevaa kila kitu, mjomba nyuma akililinda joho lake kwa macho. Nikaunga waya. Mwanzoni raha. Mjomba akaamuru vioo vyote vifungwe ili vumbi jekundu lisiguse joho, tukavifunga, kwani feni si ipo? Hatujafika mbali upepo ukawa wa vuguvugu. Nikasema feni inazoea. Baadaye ukawa kama pumzi ya mtu mwenye homa, na mwishowe ukawa kama unapofunua sufuria ya ugali na kuingiza uso ndani. Magoti yangu yaliungua. Nikamwomba Assani asimame, nikachomoa waya, nikamshukuru Mungu.

Kilima cha kwanza, gari likachemka. Tukalimwagia maji, tukapanda tena, likachemka tena. Hapo Assani, ambaye ni mtu wa kutazama mambo, akaunganisha waya mwenyewe, akapanda kilima kile kile, na gari likapanda kimya kama paka. Moto wote wa injini ulikuwa unakuja kwangu.

Nikanyoosha mkono kuchomoa waya, akanipiga kofi la vidole.

"Usiguse," akasema. "Ile siku nilinunua hii motokari mpaka leo, haijapanda kilima bila kuomba maji. Umeiponyesha."

"Assani, ninakufa."

"Unataka kufika kwa bibi arusi ao unataka kulala mu barabara? Ikaa kimya, ndoa inafungwa alasiri."

Nikageuka kwa mjomba, angalau kioo kimoja kifunguliwe, naye akasema vumbi halifuliki kwenye nyuzi za dhahabu. Niruhusiwe basi kulivua joho? Akasema kuna watu wa ukoo wa Zaina katika kila kijiji njiani, wakiniona na kanzu tupu watapeleka habari kwamba nimekuja kama mchuuzi wa karanga. Assani mwenyewe alikuwa amevua shati, anaendesha na singleti, anapiga mluzi. Na tulipoingia kwenye mashimo karibu na Kabambare, gari likarukaruka, na ile pamba ambayo mkono wangu haukufikia ikaachia. Ilitoka kwenye tundu la upepo, nyepesi, nyingi, ya miaka yote ya wale panya, ikaja moja kwa moja kwenye uso uliolowa jasho, ikanata.

Ndivyo nilivyoshuka mbele ya nyumba ya Mzee Radjabu. Miguu inatetemeka, macho mekundu, joho limenishika mwilini, na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Bibi yake Zaina, mama mzee sana, alinitazama juu mpaka chini akasema kwa upole, "Siye tulikuwa tumeambiwa kijana."

Nikajifuta, ndevu zikatoka, lakini mzee alikuwa ameshaona ile mitetemo. Akanishika mkono, akauachia haraka. Akamwita mpwa wake Kasimu, mwuguzi wa dispensari ya Bulamatari, yaani ya serikali ya Wabelgiji, aliyekuja harusini na mkoba wake (kuna watu hawajui kupumzika). Kasimu akanipapasa shingo kutafuta uvimbe wa malale, akanitia kipimo cha homa kwapani, ndani ya joho lile linalotoa mvuke, akakitazama, akanitazama, akakionyesha kwa mzee.

Mzee Radjabu hakupandisha sauti. Alimwambia mjomba, "Saidi, uliapa. Mupeleke kwenu, apone. Mwaka kesho tutaongea."

Nyinyi mnacheka, lakini mimi pale moyo ulinianguka. Nilijua mwaka kesho maana yake ni mchumba mwingine. Zaina alikuwa nyuma ya dirisha pale pale, nilisikia bangili zake, nikajua anasikia kila neno. Nikasema siumwi, ni feni. Wakatazamana kama watu wanaomsikia mgonjwa akiweweseka. Nikaeleza habari ya panya, maji ya mtungi, kilima, na kila nilivyoeleza ndivyo Kasimu alivyozidi kutikisa kichwa. Mwishowe nikapiga magoti: "Baba, ingia mwenyewe. Mpaka kilimani na kurudi. Ukitoka mkavu, ninakwenda zangu."

Mzee ni mtu wa haki. Kasimu akampima kwanza, akamkuta mzima. Kisha Kasimu huyo huyo akasema jaribio haliwezi kuwa la kweli bila joho, basi mzee akavikwa joho la mjomba, akafungiwa vioo, na Assani, mwenye furaha ya kuonyesha gari lake, akampeleka kilimani. Akakaa sana huko. Baadaye Assani alikiri kwamba alizunguka mara ya pili kwa kuwa gari lilikuwa linapanda vizuri.

Sasa, wanawake waliokuwa uani hawakuwa na habari ya mambo haya. Wakasikia gari, wakatoka mbio, wakaona nyuma ya kioo chenye ukungu joho la dhahabu, na vigelegele vikapasuka. Wakarusha mchele. Wakafungua mlango, wakamshusha bwana harusi kwa nyimbo, amelowa, anayumba, na ndevu zake za kweli zimeongezewa pamba ya panya mpaka tumboni. Mama yake Zaina akamfunika kanga mabegani, akainama kumtazama usoni.

"Baba Zaina," akasema, "ni weye unaoa?"

Kasimu akapima. Kipimo kilipanda kupita changu. Akakikung'uta, akapima tena, akaona vilevile. "Mujomba," akasema, "kama huyu kijana iko mugonjwa, basi weye tukulaze ku dispensari leo."

Mzee Radjabu aliketi kwenye kizingiti, maji yakimtiririka, mchele kichwani. Akaomba maji, akanywa kata nzima, akanipa na mimi. Kisha akasema, "Mugonjwa hapana. Mujinga iko. Lakini juu ya mujinga sikuapa."

Tukafungishwa ndoa kabla jua halijatua, mimi na baba mkwe tumelowa sawasawa, mwalimu wa msikiti aliyetufungisha akitoa kinywani nyuzi za pamba zilizopeperuka kutoka kwetu kila alipotaka kusoma. Na nilipoingizwa chumbani kwa bibi arusi, nikamfunua uso, nikitetemeka tena na safari hii si kwa feni, Zaina akanitazama bila haya yoyote.

"Nimesikia yote mu dirisha," akasema. "Wengine walisema uko mugonjwa, weye ukasema uko fundi. Mi nilikuwa naomba Mungu ikuwe ugonjwa, sababu ugonjwa inaponaka."

Kesho yake kulikuwa na lori la pamba linalokwenda Kasongo. Zaina alilitazama lori, akalitazama gari jeusi, akapanda lori na shangazi yake. Mimi mjomba hakuniruhusu kupanda magunia na joho, na Assani alikataa katakata kuchomoa waya. Basi nilirudi Kasongo siku nzima ndani ya jiko, vioo vimefungwa, lori likiwa mbele yetu, na juu ya magunia mke wangu wa siku moja, kanga inapepea, anakula upepo wa Mungu, kila kona akigeuka kunipungia mkono.

Kwa hiyo, jamani, msiniletee tena redio zenu wala saa zenu. Kitu kilichokufa bila kuniuma mimi sikifungui, ninakisomea Fatiha na kukiacha kipumzike. Na joto likizidi hapa nyumbani, mama watoto ananiambia leta feni yako, naye anacheka kama siku ile ya Maulidi, nami nachukua ungo nampepea.