Siku Namukasa Alipoloweka Beseni Nusu

Asubuhi haijapambazuka vizuri, na moshi wa mkaa umeshatanda juu ya mabati ya mgahawa mmoja karibu na bandari ya mto, Juba. Ritah Namukasa, mwenye mgahawa, amekaa kwenye benchi na wafanyakazi wake watano, sinia kubwa la maharage katikati yao. Wanachambua maharage ya kulowekwa jioni, mawe huku, mbegu kule.

"Haya, nani naanza?" anauliza.

"Mimi," anasema Edrine, mpishi wake, bila kuinua macho. "Redio imesema huko Abyei, mpakani, watu wanakimbia. Tangu jana mimi naogopa."

Hakuna anayemcheka wala kumwambia ajikaze kiume. Namukasa anaguna kuitikia, anatupa jiwe nje, kisha anamgeukia anayefuata. Zamu yake inapofika naye anasema la kwake: ameota yuko kwao Luwero, anakimbia, na miguu haisogei. Sinia likiisha na maneno nayo yameisha, kila mtu anashika jiko lake.

Nyuma yao ukutani kuna misumari sita, na kila msumari umetundikwa begi. Ndani ya kila begi mna nguo kidogo, vitambulisho na nauli ya basi. Mteja mgeni hudhani ni mizigo ya wasafiri waliopitia chai.

Namukasa, mwenye umri wa miaka 35, hakuanza hivyo. Kwa miaka mingi aliamini kwamba bosi anayeogopa hana budi kuogopa kimyakimya.

Imani hiyo aliirithi. Alikuwa mtoto wa miaka saba vita vilipowatoa kijijini kwao, nchini Uganda. Anamkumbuka mama yake akipika kila jioni kana kwamba hakuna kinachotokea, huku nyumba za jirani zikizidi kubaki tupu.

"Mama alikuwa nasema, hakuna kitu, kula," anasimulia. "Sisi tukakula. Siku ya kukimbia, sisi tulikuwa watu wa mwisho."

Alifika Juba mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani wa Sudan, juu ya lori la vitunguu. Alianza na birika moja na jiko moja. Leo sahani ya posho, yaani ugali, na maharage ni pauni tano, na siku ambayo matishari yametia nanga huuza hadi sahani mia mbili. Wateja wake wakubwa ni wachukuzi wa bandarini, watu wanaobeba gunia kabla ya chai na kabati baada yake.

Kisha ikaja Januari mwaka huu wa 2011, wiki ya kuelekea kura ya maoni ya Sudan Kusini kujitenga. Maneno yakawa mengi kuliko wapiga kura. Mara vita vinakuja, mara mpaka utafungwa. Waganda na Wakenya wa soko la Malakia wakaanza kuteremsha milango ya maduka, na mabasi ya Kampala yakawa yanaondoka yamefurika.

Namukasa aliwakusanya watu wake, wakati huo wakiwa saba, akawaambia kwa sauti kavu: "Hapana ogopa. Hakuna kitu. Fanya kazi."

Sasa, kuna jambo moja la kuelewa kuhusu jikoni kwake. Kuloweka maharage ni kazi ya Namukasa mwenyewe. Kila jioni hulijaza beseni kubwa la bluu mpaka ukingoni, na kesho yake alfajiri yanapanda jikoni. Jumanne ya wiki ile, jioni, alimimina maharage, akasita, akaishia katikati.

"Nikaona kama mimi najaza, basi kesho lazima mimi iko hapa," anasema. "Na mimi sikuwa na hakika."

Hakumwambia mtu. Alifunika beseni, akajipangusa mikono, akaaga kama kawaida. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Namukasa aliumbuliwa na maharage.

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi watano hawakutokea. Edrine alikuja, lakini amevaa viatu vya ngozi anavyovivaa kanisani tu, kama mtu wa safari, na hakuvivua. Aliyekuwa amebaki kazini kwa moyo wake wote ni Anyieth, mhudumu wa meza, binti wa Bor aliyekulia Kenya, kambini Kakuma na mjini Nakuru.

Namukasa alikuja juu. Aliwaita waliotoroka waoga na wasio na shukrani. Anyieth akamwacha amalize.

"Mathe, wewe ulitushow hakuna noma," anakumbuka kumwambia; mathe ni mama kwa Sheng. "Lakini beseni ilikuwa nusu. Sote tuliiona. Na ile bag yako nyuma ya gunia la unga, tunaijua tangu Krismasi."

Namukasa anasema aliona aibu. Alikuwa amewafanyia wenzake lile lile alilofanyiwa utotoni, nao, tofauti na yeye, walikuwa na macho.

Hapo hapo wachukuzi waliingia na njaa zao. Tishari lilikuwa limefika na familia zilizokuwa zikirejea kutoka Khartoum, na vitanda vyao, na makabati yao. Gatdet, kiongozi wa wachukuzi, akauliza kwa Kiarabu cha Juba: "Ya mama, akil wen?" Chakula kiko wapi?

Chakula kilikuwa nusu. Namukasa akaketi benchini, akamwambia ukweli kwamba watu wamekimbia kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa na alijifanya haogopi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mfanyakazi.

Gatdet hakushangaa. "Sisi kama nataka beba kabati, kwanza kila mtu nasema," alimweleza. "Huyu nasema goti yangu mgonjwa. Huyu nasema mkono nateleza. Kama mtu nanyamaza, kabati naanguka juu ya mguu ya mwingine. Kalas, basi."

Wachukuzi walikula nusu sahani kila mmoja, wakarudi kazini. Namukasa alilitoa begi lake nyuma ya gunia, akapiga msumari ukutani na kulitundika mahali ambapo kila mtu angeliona. Akawaambia Edrine na Anyieth watundike ya kwao. Sharti likawa moja tu: anayetaka kwenda aende, ila aseme kwanza wakati wa kuchambua.

Edrine akavua viatu.

Kura ilipigwa kwa amani. Kati ya wale watano, watatu walirudi. Wawili wako Gulu, Uganda, na hawana mpango wa kurudi. Namukasa hawalaumu tena, maana kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mwezi Februari Edrine naye alisema kwenye sinia, "Leo mimi nakwenda." Namukasa alimsindikiza hadi kituo cha basi. Baada ya wiki mbili alirejea mwenyewe, na chapati zake zinaendelea kugombewa.

"Woga haikuisha," anasema Namukasa, akinionyesha begi lake ukutani. "Lakini sasa mimi najua woga ya kila mtu iko wapi."

Mpango wake ni kufungua mgahawa wa pili Malakia baada ya uhuru, na wa kuusimamia ni Anyieth. Asubuhi hii, kwenye sinia, Anyieth amesema anaogopa kumwangusha. Namukasa ameguna tu, kama anavyowagunia wote.

Jioni anampa jibu lake. Analiweka beseni la bluu mbele ya binti huyo, na gunia kando yake, kazi ambayo hajawahi kumwachia mtu. Anyieth anamimina. Akifika katikati anasita, anamtazama mama yake wa kazi, kisha anatazama begi lake ukutani.

"Mimina," anasema Namukasa. "Tarehe tisa Julai, siku ya uhuru, watu watacheza ngoma siku mzima. Halafu watasikia njaa."

Anyieth analijaza mpaka ukingoni, anaongeza maji, na kufunika.