Bomba na Maiti Nne za Gari Lake

"Liuze!"

"Siliuzi."

"Liuze leo, mdogo wangu, kabla halijatuuza sisi."

"Kaka, nimesema siliuzi. Au nikuandikie kwenye fomu, uipige muhuri ndiyo uelewe?"

Hapo alimchoma kaka yake. Mwanangu wa kwanza ni karani wa ofisi ya ardhi, na anapenda muhuri kuliko chai. Hata nyumbani tunamwita Karani. Siku hiyo alikuwa amesimama uani na shati lake jeupe, mikono kiunoni, anagombana na miguu miwili. Miguu ilikuwa ya dada yake. Sehemu nyingine yote iko chini ya gari. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao kwenye kigoda, nachambua mchele taratibu sana ili usiishe kabla ya ugomvi. Watoto wakubwa wakigombana ni raha, mradi anayegombezwa si wewe.

"Mnunuzi anakuja saa nane mchana," Karani alisema. "Nimeshaongea naye. Ni mtu mstaarabu. Nimemwambia wazi kwamba gari linachemsha, na bado analitaka."

"Mtu anayetaka gari linalochemsha hana ustaarabu," miguu ikajibu. "Ana sababu."

Nikacheka mpaka mchele ukamwagika.

Huyo mwenye miguu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, binti yangu, fundi wa pampu za visima. Watu wote wanamwita Bomba, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Alipokuwa na miaka saba, maji ya mtaa wetu yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki, saa yoyote yanapojisikia. Huyu mtoto alikuwa akilaza sikio kwenye bomba la ukutani, anafumba macho, kisha anatangaza: "Yako kwenye kona ya duka." Tunapanga ndoo. Baada ya dakika mbili, maji hayo hapo! Majirani walikuwa wanakuja kumuuliza kabla ya kuloweka nguo. Siku moja alisema, "Leo yanakuja, lakini yamekasirika." Yakaja na tope. Nikikwambia kwamba alikuwa anasikia hata samaki wakikohoa huko bwawani utasema naongeza chumvi, basi sitakwambia.

Alipokua aliuza misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi miaka tisa. Miaka tisa anapima misumari kwenye mizani huku masikio yake yako kwingine! Halafu siku moja akaja dukani fundi mzee wa visima kununua mpira wa pampu, akalalamika kwamba pampu fulani imemshinda. Bomba akamwomba amwelezee mlio wake. Mzee, kwa mzaha, akauigiza pale kaunta: kho, kho, viii. Bomba akasema, "Inavuta hewa kwenye kiungo cha pili." Mzee alikwenda akafungua kiungo cha pili. Kesho yake alirudi dukani, akamchukua kabisa ajifunze kazi kwake.

Siku hizi ana visima kumi na moja mikononi mwake, vyote ng'ambo ya vilima, kwenye barabara ambazo gari dogo likienda linarudi limekunjwa. Ndiyo maana akanunua lile kubwa, refu kama kabati, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Mpya hatuna ubavu nalo. Hili lilikuwa limeshapita kwa watu watatu, na kila mmoja alimwachia kitu: wa kwanza harufu ya vitunguu, wa pili mlango usiofunguka kwa ndani, na wa tatu, naapa, aliacha laana.

Kwa sababu lilikuwa linachemsha. Kwenye tambarare ni bi harusi, lakini likifika katikati ya kilima mshale wa joto unapanda, boneti inafuka, basi tena. Siku moja lilichemka hapa mlangoni nikakaanga mayai mawili juu ya boneti. La tatu likaungua. Mvuke ulipanda ukawa wingu, na mtaa wa pili wakaanua nguo.

Fundi wake wa gari ni kijana mnene mwenye heshima, tunamwita Imekufa, kwa kuwa ndilo neno lake. Anainama, anachungulia, ananyanyuka, anavua kofia. "Dada, pampu ya maji imekufa." Tukanunua pampu mpya. Baada ya mwezi likachemka tena. Kofia ikavuliwa. "Rejeta imekufa." Tukanunua rejeta. Likachemka. "Thamostati imekufa." Nikamuuliza, huyo thamostati ni nani? Akanieleza kwamba ni kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji. Nikasema, "Kumbe ni mlinzi wa geti." Akasema, "Ndiyo, bibi. Mlinzi wa geti, amekufa." Nikampa pole. Ya nne ilikuwa gasketi. Tangu nizaliwe sijawahi kuona maiti nyingi hivyo zikitoka kwenye nyumba moja.

Na kila maiti ilikuwa na gharama za mazishi. Pampu ilikula kitanda changu kipya. Rejeta ikala mabati ya jikoni, mpaka leo mvua ikinyesha napika nimevaa sufuria. Mlinzi wa geti alikuwa na tumbo dogo, alikula viatu vya shule tu. Lakini gasketi! Gasketi ilimeza akiba ya Karani aliyoiweka kwa ajili ya jino lake. Alimkopesha dada yake kwa moyo safi, na tangu siku hiyo anatafuna upande mmoja. Kwa hiyo mumwelewe, mwanangu si mbaya. Alikuwa na maumivu.

"Ukiliuza," alimwambia, sasa kwa sauti ya upole, "utapumzika. Dukani bado wanakutaka. Mwenye duka aliniambia mwenyewe."

Mimi nikaacha kuchambua mchele.

Bomba akajivuta akatoka chini ya gari, akakaa chini, oili imempaka shavu moja. "Zahanati ya ng'ambo ya kilima, pampu yao imenyamaza siku ya nne leo," alisema. "Wauguzi wanateka maji bondeni na ndoo, ndiyo wakamsafishe mama aliyejifungua. Wamenipigia asubuhi. Nikiliuza gari hili, kaka, niende huko na nini? Na misumari?"

Karani akatazama viatu vyake. Saa yake ilikuwa inasema saa tatu na nusu.

Bomba akanigeukia. "Mama, niazime mwiko."

Sasa jueni kwamba mwiko wangu ni wa mti mgumu, mrefu kama mkono, na kuutoa jikoni kwangu ni mwiko. Hilo ndugu zangu, wakwe zangu na wajukuu zangu wote wanalijua. Kuna mkwe aliwahi kukorogea chokaa. Sasa ni mkwe wa watu wengine.

"Mwiko wa nini?"

"Wa kusikiliza."

"Mwanangu, mwiko hauongei. Mimi nimeishi nao miaka thelathini."

"Kwako unanyamaza kwa sababu unauogopesha, Mama. Nipe."

Nikampa. Nilitaka kuona.

Akawasha gari. Likanguruma. Akaweka kichwa cha mwiko kwenye pampu ya maji, ncha ya mpini akaisukumia sikioni, akafumba macho. Jamani, nilimwona yule mtoto wa miaka saba amesimama pale ukutani! Akaitikia kwa kichwa: salama. Hakuzima. Akaliacha lingurume, akakanyaga mafuta, akaliacha tena, mpaka mshale ukaanza kupanda. Akarudisha mwiko. Safari hii alikunja uso.

"Kaka, njoo usikie."

"Na shati hili?"

"Shati halina masikio. Njoo."

Akaja amelishika shati lake kama mtu anayevuka mto. Akaweka sikio. "Nasikia ngurumo tu."

"Chini ya ngurumo. Lilipokuwa baridi pampu ilikuwa inaimba, maji yanapita. Sasa inahema tu. Inazunguka bure."

"Lakini mkanda unazunguka. Nauona kwa macho yangu."

"Mkanda unazunguka, puli unayoivuta inazunguka, lakini panga la ndani, lile linalosukuma maji, halizunguki. Kama wewe ofisini: kiti kinazunguka, kazi haiendi."

Nikajifanya nimepaliwa na pumba za mchele.

"Hiyo pampu ni mpya!" Karani akapaza sauti. "Ndiyo ya kwanza kununuliwa!"

Na hapo ndipo palipotuponza wote, miezi minane. Kwa kuwa ni mpya, hakuna aliyeitazama tena. Tulimpigia simu Imekufa, tukamweka kwenye spika. Aliposikia, alicheka kwa heshima. "Hapana, dada. Hiyo ni mtoto mchanga. Mtoto mchanga hawezi kufa."

Bomba akakata simu, akachukua spana.

Saa nne na nusu pampu ilikuwa mapajani mwake. Aliitia kwenye maji ya moto niliyokuwa nimebandika kwa ajili ya mchele. Tulichelewa sana kula siku ile, wala sikulalamika. Alipoitoa, alishika puli kwa mkono mmoja, na kwa kidole kimoja cha mkono wa pili akalisukuma panga la ndani. Likazunguka lenyewe, taratibu, kama feni ya chumba cha wageni. Alipoiacha ipoe, likashika tena, likawa gumu kama jiwe.

"Likiwa baridi linashika ekseli inayolizungusha," alisema. "Likipata moto linapanuka, linaachia. Juu ya kilima maji yanasimama, gari linachemka. Wale wengine watatu, rejeta na wenzake, walikuwa wazima, Mama."

"Kwa hiyo tumewazika wakiwa hai?"

"Tumewazika wakiwa hai."

Karani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika shavu la upande wa jino. Nikamwonea huruma, lakini si sana.

Nikategemea tutanunua nyingine. Bomba akasema pampu za visima huko porini hazina duka la jirani, huwa anazitibu palepale, na hii haina uchawi wowote wa kuzishinda zile. Akatoa drili kwenye kisanduku chake, akatoboa tundu dogo kupita shingo ya panga mpaka kwenye ekseli, akapigilia pini ya chuma, akaisugua kwa tupa mpaka ikalala. Alifanya hivyo bila haraka, ulimi umemtoka pembeni kama anaandika jina lake. Karani alishika pampu isicheze. Pini ilipoingia mara ya kwanza ikapinda, akaitoa, akaanza upya. Hakutukana. Mimi nilitukana kwa niaba yake.

Saa sita na nusu akarudisha boliti ya mwisho, akajaza maji, akaniambia, "Mama, panda."

Kuna kilima karibu na kwetu chenye tangi la maji juu yake. Hapo ndipo gari lile lilipokuwa likifia kila mara, kwenye kona ileile, mpaka wakazi wa pale walikuwa wanatuwekea benchi. Tulipopanda wakatoka wenyewe, benchi mkononi. Tukawapita. Tukafika kwenye tangi, tukageuza, tukashuka, tukapanda tena. Wakaweka benchi chini wakakaa wao. Mara ya tatu Bomba alipanda kwa gia nzito, makusudi, na mimi sikuangalia barabara hata kidogo, niliangalia mshale. Ulikuwa umekaa katikati, umetulia kama mgeni asiyejua jina la mwenyeji. Pale juu akazima injini. Kimya. Hakuna mvuke, hakuna kuchemka. Bonde lote liko chini yetu, na mwanangu ameshika usukani kwa mikono miwili myeusi kwa oili. Nimezaa watoto watano. Siku hiyo nilijiona nimezaa kumi na watano.

Tuliporudi uani, Karani alitupokea anachezacheza. "Limepona! Vizuri sana! Sasa mnunuzi akija, tunapandisha bei."

"Kaka!"

"Hesabu ni hesabu, mdogo wangu. Gari zima lina thamani kuliko gari gonjwa."

"Ndiyo maana siliuzi. Lilipokuwa gonjwa sikuliuza, leo limepona niliuze? Mke wako akipona homa unampeleka sokoni?"

"Mke wangu usimwingize!"

"Basi nipitishie hiyo kamba."

Alikuwa ameshaanza kupanga mabomba ya chuma juu ya paa la gari, na kisanduku cha spana kiko kiti cha nyuma. Karani akaokota kamba, bado anabishana, akamrushia ncha moja, akaizungusha ya kwake chini ya bampa. Mikono ya shati jeupe ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, na alikuwa bado hajaiona.

"Na jino langu?" aliuliza.

"Jino lako namba moja. Zahanati wakinilipa, kabla sijanunua hata chumvi."

"Sasa yule bwana nitamwambiaje? Nimempa neno langu."

"Mwambie mwenye gari ameenda kazini."

"Lakini hujaenda. Uko hapa."

"Vuta kamba, kaka. Ukivuta vizuri nitakuwa nimeenda."

Akavuta. Akavuta kwa nguvu zote, uso umemwiva, akaanza kumwambia kwamba fundo lake si fundo, kwamba huko ofisini hata faili wanazifunga vizuri zaidi, na dada yake akaanza kumjibu, na mimi nikafungua mdomo kuongeza kuni, ndipo geti likagongwa na kusukumwa hapohapo. Akaingia mwanamume aliyevaa viatu vinavyong'aa, amebana mkoba kwapani.

"Hodi wenyewe. Samahani, nimewahi kidogo. Mwenye gari ni nani?"

Karani alikuwa bado ameshika ncha ya kamba, na kwa mkono uliobaki, ule mchafu zaidi, akamnyoshea kidole dada yake.