Ala Inayoshika Ukipiga Magoti

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika kumi alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka shule, na redio ya babu ilikuwa inamalizia taarifa ya habari. Babu alikuwa sebuleni amevaa koti lake zito, maana upepo wa huku Sumbawanga ukiamua siku yake haujali kwamba jua linawaka. Mama alikuwa amesimama mbele yake. Mezani kulikuwa na ala mbili.

Ala ni ule mfuko wa kuvalia bastola kiunoni, ndani ya nguo, mtu asiione. Mama ana bastola. Kibali anacho, na alifundishwa kuitumia. Naandika wazi kwa sababu daftari hili ni langu. Mama hununua ulezi na mahindi vijijini, na msimu uliopita wakati wa mavuno watu walilisimamisha gari lake njiani wakampiga dereva mpaka akapoteza fahamu. Baada ya hapo ndiyo akaomba kibali. Mwanzoni alikuwa anaiweka kwenye pochi, babu akagomba wiki nzima. Alisema pochi inawekwa chini, inasahaulika kwenye kiti, inapokonywa. Basi mama akatafuta ala.

Moja ni ya kitambaa cheusi kinachovutika, laini kama soksi. Nyingine ni ya ngozi ngumu, ina kimkanda kinachopita juu ya bastola na kufungwa kwa kifungo cha kubana. Ile ya kitambaa ndiyo mama anaipenda.

"Baba, chagua wewe," mama akasema, huku anamsogezea ile ya kitambaa. "Hii ya ngozi inaning'ata mfupa wa nyonga nikikaa garini. Nikifika kijijini Milepa natembea kama bata."

"Bastola iko wapi?"

Mama akafungua sanduku la chuma kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Akatoa magazini ya risasi, akavuta kifuniko cha juu cha bastola nyuma, babu akachungulia ndani. Kisha akaniita na mimi nichungulie. Hapakuwa na risasi. Mara nyingine nikikumbuka hilo ndilo linalonifanya nimpende babu, hakuamini macho yake peke yake.

"Haya, vaa hiyo soksi yako. Halafu nisalimie."

Kwetu Ufipa humsalimii mkubwa ukiwa umesimama wima. Unachuchumaa au unapiga magoti, unapiga makofi ya polepole, naye anakujibu mpaka mmalize. Mama hufanya hivyo kila asubuhi bila kufikiri.

"Baba jamani, si tumesalimiana asubuhi?"

"Nimesahau kama uliamka salama."

"Magoti yananiuma leo." Akanitupia jicho, haraka. Mimi nikaangalia sakafu.

Nilijua sababu. Jumapili iliyopita tulikwenda Milepa kuhani msiba. Mama alipochuchumaa kuwasalimia kina bibi waliokaa kwenye mkeka, bastola ilichomoka kwenye ile ala ya kitambaa ndani ya blauzi yake ikaanguka kati ya goti lake na goti langu. Ilikuwa na risasi. Nikaiangushia kitenge changu juu, kama mtu anayejifunga vizuri. Hakuna aliyeona. Njiani mama akaniambia, "Skola, hukuona kitu." Nikasema, "Ndiyo, mama." Na Jumamosi, yaani kesho yake baada ya Ijumaa hii, saa kumi na mbili alfajiri, alikuwa anarudi Milepa na ala ileile.

Mimi si mtu wa kusema. Hata darasani nikijua jibu nasubiri mwingine alikosee, kisha mwingine alipate.

Babu alimwangalia mama. Hakukasirika. Akazima redio.

"Kaa, mwanangu. Na wewe Skola sogea, haya ni yako pia. Kuna siku moja mpaka leo nikiiwaza masikio yanapata moto. Nilikuwa askari kanzu, wale wasiovaa sare. Kijana, najiona. Nimepewa bastola na ala yake ya ngozi, kavu kama gome, inanichuna hapa ubavuni mpaka nalala upande mmoja. Nikajifanya mjanja. Nikachukua buti kuukuu la mpira, nikakata mguu wake, nikashona kiala changu mwenyewe. Laini! Hakina kimkanda wala kifungo. Ukikivaa unasahau kabisa kama una kitu. Na hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, maana kitu kile si cha kusahau.

"Wakati huo nilikuwa namtaka binti mmoja wa Msanzi. Si huyu aliyeko jikoni anayejifanya hasikii?"

"Nasikia!" bibi akaitikia toka jikoni. "Waambie na koti lilikuwa la kuazima!"

"Koti lilikuwa la kuazima, sawa. Kubwa, ndiyo maana bastola haikuonekana. Ningeweza kuiacha kazini, lakini moyoni nilitaka mzee wao, akinigusa kwa bahati, ajue binti yake anaombwa na mtu mzito. Ujana huo. Nikafika, nikakuta wazee wamekaa, mama mkwe wangu mtarajiwa yuko kwenye mkeka anachambua maharage. Nikachuchumaa chini kabisa, ili waseme huyu kafunzwa kwao. Nikaanza kupiga makofi. Sasa mwanangu, mikono yote miwili iko mbele inapiga makofi. Kiunoni nani anashika? Kofi la kwanza, naisikia inateleza. La pili, natamani kusimama, lakini salamu haikatwi. La tatu, pwa! Ipo chini. Ikajizungusha kwenye sakafu ile ya udongo, ikasimama, mdomo wake unamtazama yule mama na ungo wake wa maharage."

Mama alikuwa ameacha kusogeza ala. Mikono ilikuwa mapajani.

"Hakuna aliyepiga kelele. Mzee aliendelea kunijibu salamu. Alijibu ya kwangu, ya wazazi wangu, ya ng'ombe wetu ambao hatukuwa nao. Alimaliza yote, taratibu, jasho linanitiririka. Kisha akasema, 'Haya, kijana. Mwokote mtoto wako, amelala vibaya.' Nikaokota. Nilidhani amenisamehe. Akasema, 'Umekuja kuomba uniondolee binti. Hicho ulichopewa ukitunze kimekushinda kwa muda wa salamu tu. Nenda. Siku utakayoweza kuchuchumaa hapa, uwasalimie wote wa nyumba hii mmoja mmoja, uinuke bila kuangusha kitu, nitakusikiliza.' Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana."

"Mimi nilicheka," bibi akasema. Sasa alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Nilicheka mpaka mama akanifinya. Baadaye ndiyo nikalia, nikijua ule mdomo ulikuwa unatazama wapi."

"Unaona? Mambo mawili hayo, huyu hajawahi kuniambia moja bila la pili," babu akasema, akamgusa bibi mkono. "Nikarudi nikatafuta fundi wa ngozi. Sikumwambia anishonee laini wala ngumu. Nilimwambia, nataka nikipiga magoti ibaki, na nikikaa siku nzima isinichune, nisipate sababu ya kuivua. Akacheka, akasema ndiyo mara ya kwanza mtu anamwambia shida yake, wengine wanaagiza rangi. Nikavaa ile ala nikiwa sina risasi hata moja. Nilichuchumaa pale kambini asubuhi na jioni. Wenzangu wananiuliza, 'Vipi, unataka upadri?' Nikaendelea kupiga makofi. Miezi mitatu. Kisha nikarudi Msanzi."

Akaacha hapo. Kuku walipita mlangoni. Niliona kwamba kama mzee mzima ameweza kusema aibu yake mbele ya bibi na mwiko wake, mimi nashindwa nini? Nikasema, sauti ikatoka ndogo kama ya mgonjwa:

"Ya mama nayo ilianguka. Jumapili. Kwenye msiba."

Nilitegemea mama anipige jicho lile. Hakunipiga. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nilitaka nikwambie, baba," akasema ndani ya viganja. "Niliona utasema nirudishe kibali, na mimi ile barabara naiogopa. Naiogopa kila safari. Halafu nikamziba mdomo mtoto."

Bibi akaenda kukaa karibu yake. Babu alisubiri mama anyamaze, kisha akasema maneno haya, ambayo nimejitahidi kuyaandika kama yalivyotoka:

"Mwanangu, kuogopa si kosa. Ningeogopa zaidi kama ungekuwa huogopi. Nisikilize sasa. Ala ikufunikie pale pa kufyatulia, pote, asipite mtu na kidole chake wala nguo isijikunje humo. Iishike bastola hata ukiinama kuangalia magunia, ukiruka kutoka garini, ukichuchumaa kwenye mkeka wa wafiwa. Hiyo ya kitambaa haishiki, imeilaza tu. Kimkanda cha hii nyingine ndicho kinachoshika, ukifunge kila mara mpaka kidole chako kikijue gizani. Lakini usinielewe vibaya, sisemi uvumilie maumivu. Ala inayokuchuna utaivua, utaiweka kwenye kiti, na siku hiyo bastola itakuwa ya yeyote atakayepita. Kwa hiyo ikustareheshe na ikushikie, vyote viwili, na kama dukani hakuna yenye vyote, mpelekee fundi mpaka iwe navyo. Ivae humu ndani bila risasi, usonge ugali nayo, ufue nayo, unisalimie nayo. Ikikubali kazi za nyumbani, ndiyo uende nayo njiani. Na jambo la mwisho, usimpe mtoto kazi ya kukufichia. Mzigo huo ni mzito kuliko hicho chuma."

Akanyoosha mikono, mmoja kichwani kwa mama, mmoja kichwani kwangu. Mkono wake ulinuka ugoro. "Mungu awalinde njiani na nyumbani. Awape kulala usingizi. Usikose kurudi kwenye mlango huu, mwanangu, na kile ulichobeba kisimguse mtu hata siku moja. Na huyu mdogo Mungu amfungue kinywa, maana kina kitu ndani."

Bibi akasema amina, akakimbilia ugali uliokuwa unaungua.

Mama alimpigia dereva simu palepale, akamwambia safari ya Milepa mpaka Jumatano. Dereva akalalamika, tulimsikia wote. Mama akasema, "Mlalamikie baba yangu."

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya wote, nikaifunga ala ya ngozi ndani ya kitenge, peke yake, bastola ikiwa imefungiwa sandukuni, nikaenda sokoni kwa fundi viatu. Kulikuwa na watu watatu kwenye benchi. Kwa kawaida ningesimama pembeni mpaka wote waondoke. Safari hii nilimpa fundi ala mbele yao. Akaigeuzageuza, akauliza, "Tatizo liko wapi, dada?" Nikapiga hatua mbele, nikaweka kidole kwenye nyonga yangu mwenyewe mbele ya watu wote, nikasema, "Inamchuna mama hapa, kwenye mfupa, akikaa garini. Weka ngozi laini upande wa ndani, lakini kimkanda usikiguse." Akasema niifuate jioni. Nikamwambia hapana, nitakaa. Nikakaa kwenye benchi lake, nikitazama sindano inaingia na kutoka, mpaka akakata uzi wa mwisho.