Samaki wa Mpira na Sauti ya Kubuya

Sikuwa nimekunywa, na haikuwa usiku. Nayasema hayo mapema kwa sababu najua jinsi watu wanavyosikiliza visa vya namna hii: wanatafuta chupa kwanza, kisha giza. Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua imetoka kupita, na akili zangu zote ninazo. Ningefurahi kama ningekuwa mlevi siku ile. Ningekuwa na cha kusingizia.

Mimi ni mtu wa Kirolirwe, kwenye vilima vya Masisi, mtu wa ng'ombe. Vita vilipotufukuza tulikaa Kashuga, kambini, miaka ambayo sipendi kuihesabu, mpaka mke wangu akasema twende kwao Itebero, ndani ya msitu. Kaka yake, Kubuya, akatupokea, akaniita Shemeki, yaani shemeji. Alitupa shamba la mihogo, na kabla hatujajenga tulilala chini ya paa lake. Kubuya alikuwa na pengo la meno mawili ya juu, mbele kabisa, lakini pengo hilo halikumzuia kuwa na sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akianza, hata wale waliosimama nje wakivuta tumbaku waliingia.

Binti yangu anayeishi Goma ndiye aliyetuletea samaki wa mpira. Wadogo kama kidole, laini, wana mkia unaotikisika majini. Unamchoma ndoano, unatupa, unavuta polepole. Kubuya aliwashika, akawabonyeza, akacheka.

"Samaki ya hapa banakula munyoo tangu zamani," akasema. "Leo unabaletea kiatu, Shemeki?"

Mimi nikajifunza. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kosa langu limeanzia hapa. Ukivua kwa munyoo, yaani nyungunyungu, unangoja. Samaki anagusa, anaonja, anapenda, anameza, ndipo unavuta. Mpira hauna ladha. Samaki akiutia mdomoni anajua papo hapo kwamba amedanganywa, anautema. Kwa hiyo lazima uusikie mguso wa kwanza kabisa, na uujibu hapo hapo. Niliupitisha uzi juu ya kidole cha shahada, nikafumba macho. Jiwe linakwaruza. Jani linavuta kwa uzito mmoja, halina uhai. Samaki anagonga, tik, mara moja. Wakati mwingine hagongi. Uzi unalegea tu, kwa sababu ameuchukua mpira na anakuja nao upande wako. Hata ulegevu huo niliujua. Vidole vilivyokamua ng'ombe tangu utoto vinajua kusikia.

Kubuya hakupenda. "Unashituka sana, Shemeki. Huku pori, mutu haitike mara ya kwanza."

Alikuwa akisema juu ya samaki, na hakuwa akisema juu ya samaki. Kwetu kwenye vilima vya Masisi, mtu akikuita kutoka kilima cha pili unaitika mara moja. Ukikawia ni dharau. Kwa watu wa msitu ni kinyume. Ukiitwa porini, unanyamaza. Unangoja mara ya pili, unangoja ya tatu. Mwenye damu atakuita mara tatu. Kisicho mtu huita mara moja au mbili, hakifiki tatu. Kubuya aliniambia hayo siku ya kwanza nilipofika. Nilimsikiliza kama mzee wa kanisa anavyosikiliza mambo ya kale: kwa adabu, bila kuyashika.

Siku ile ya mvua, tulipokuwa tukivua, ukungu ulikuwa umeulalia mto hata ng'ambo haikuonekana. Kubuya alikuwa nyuma yangu, hatua tatu, ameketi juu ya gogo akifungua uzi wake uliojisokota. Nikatupa mpira wangu. Ukazama. Nikavuta kidogo, nikaacha.

Mguso ukaja. Haukuwa wa jiwe, wala wa jani, wala wa samaki. Ulikuwa wa polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayoijua. Na palepale, kutoka mbele yangu, ndani ya ukungu, juu ya maji, sauti ya Kubuya ikaita:

"Shemeki."

Nikavuta na nikaitika. Vyote viwili kwa pamoja, mkono na kinywa. "Ndiyo, niko hapa." Nani angefikiri kwanza? Nilikuwa nimeufundisha mwili wangu kwa miezi usifikiri.

Uzi ukawa mzito, kisha mwepesi. Nyuma yangu Kubuya alikuwa amesimama.

"Unaitika nani?"

"Si weye umeniita?"

"Mimi niko hapa nyuma. Sikuku..."

Hakumaliza. Neno lilikatika katikati, na hilo ndilo la mwisho nililolisikia kutoka kinywani mwake. Midomo iliendelea kutikisika. Alishika koo. Alinitazama kama anayezama anavyomtazama aliye ukingoni, nami nilisimama pale na fimbo ya kuvulia mkononi. Mtu akizama unamshika mkono. Sauti unaishika wapi?

Nilipouvuta uzi wote, samaki wa mpira alikuwa na alama. Si vijitundu vya meno ya samaki. Meno mapana, ya mtu, juu na chini; na katikati ya alama za juu mpira ulikuwa laini kabisa, nafasi ya meno mawili.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Tulipofika nyumbani mke wangu aliuliza kimetokea nini kwa kaka yake. Nikasema baridi imemkaa kooni. Kubuya alikuwa ananitazama niliposema hivyo. Mimi, mzee wa kanisa, ningeanzaje kusimulia kwamba nimeitikia maji? Kwenye kituo cha afya muuguzi alimulika koo kwa tochi, hakuona kitu. Kanisa likaomba. Siku ya nane ndipo nilipomwendea mzee mmoja ambaye bado anashika mambo ya mababu, nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu.

"Jua imezama mara ngapi tangu uitike?"

"Saba."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Ungekuja siku ile ile, Papa. Mbele ya jua kuzama tungeiita, ingerudi. Lakini weye ulisema ndiyo. Ulisema Kubuya njo huyu wa mu maji, ndiye mwenye sauti. Maji imesikia, na hakuna mutu alikuja kukatala."

Kubuya yu hai. Analima, anakula. Jumapili huketi benchi la nyuma, na nyimbo anazianzisha mtu mwingine, juu mno, watu wanashindwa kuzifuata. Jioni huja kuketi nami barazani. Husema nami kwa kidole: anagonga mkono wangu mara mbili, ananyamaza, kisha anabonyeza mara moja, kwa muda mrefu. Mimi niliyejua kutenga jani na samaki kwa uzi mwembamba kama unywele, sijui anasema nini. Huenda ananiuliza kwa nini nilidanganya. Huenda amenisamehe. Naitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeelewa.

Nimerudi mtoni mara nyingi, bila fimbo. Ukungu ukishuka, sauti inaniita. "Shemeki." Naziba mdomo kwa viganja. Inanyamaza, kisha inaita tena, kwa upole, sauti ileile iliyokuwa ikiwaingiza watu kanisani. Nangoja ya tatu. Maana ya tatu ni ya mtu. Ikija, nitajua kwamba Kubuya bado yumo ndani ya sauti yake, nami nitaitika kwa nguvu zote zilizonibakia. Naketi pale mpaka miguu inakufa ganzi. Haijawahi kuja.

Wewe unayesoma, ukivua kwa samaki wa mpira, jibu mguso wa kwanza. Ndivyo ilivyo, sitakudanganya. Lakini mfundishe hivyo mkono wako tu. Kinywa kiache kihesabu mpaka tatu.